Mtani, Siku Ile Hukuwa Ukiigiza

Mtani wangu Maganga,

Nina miaka themanini na mbili. Nimeyapita mashamba ya mkonge yaliyomleta baba yako Kilosa, nimeyapita maji ya mto Mkondoa yaliyoingia mpaka kitandani kwangu, nimezika wake wawili na meno yote isipokuwa manne. Sasa nimekupita na wewe, nawe ulikuwa mdogo kwangu. Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu, siku nne, kwa kisomo kilekile cha watu wazima ulichokuwa ukikicheka. Mjukuu wangu Rehema ataisoma kwenye simu mbele ya wafuasi wetu wa mtandaoni. Ndiyo, bado wapo. Hiyo ndiyo shida yenyewe.

Unakumbuka tulivyoanza? Rehema alikuja bandani kwako Mikumi kuziba pancha, akatukuta kwenye benchi tunatukanana kama kawaida. Nikakuambia, "Wewe Mnyamwezi, babu yako alipita hapa na mzigo wa watu kichwani, akasahau kurudi." Ukajibu huku unajaza tairi upepo, "Na wako alituona akakimbilia mlimani. Mpaka leo Msagara akisikia kengele ya baiskeli anachungulia kwanza." Kumbe Rehema alishawasha simu. Kesho yake akaja anakimbia: watu wameangalia hadi Dar, wanataka tena.

Basi akatufundisha kazi. Kila siku saa kumi na moja jioni, msikose, mtu akizoea kuwakuta atarudi. Salamu wekeni mwisho, anzeni na tusi, maana kwenye simu mtu hangoji. Mimi niligoma. Nikasema mtoto niliyemfundisha mimi kusema shikamoo hawezi kunifundisha kusema. Wewe ukamwambia, "Mwache huyo, kichwa chake hakina breki." Nilikuja kukubali, na nikakuzidi. Usibishe, hata huko uliko usibishe. Basi la Mbeya lilisimama watu washuke wapige picha na mimi, wewe mama mmoja akakupa mkoba wake umshikie. Nikasema upagazi umekurudia. Ulicheka mpaka ukakaa chini.

Halafu ikaja ile ya kufa. Ulijilaza ghafla kwenye benchi, ulimi nje. Nami nikaichukua baiskeli yako, maana mtani msibani anaruhusiwa kubeba cha marehemu. Ukafufuka, ukanikimbiza na spana. Klipu ile ndiyo iliyotufanya watu. Wafuasi wakatoka kama kumbikumbi, wote neno moja: Mnyamwezi afe tena. Ukafa tena. Ukafa kwa chapati, ukafa kwa kumwona tembo barabarani, ukafa kwa harufu ya miguu yangu. Mkeo Mama Kulwa hakupenda. "Hilo neno mnalolichezea litaizoea njia ya hapa," alituambia. Tukamcheka, mimi na wewe.

Siku ya mwisho tulikuwa laivu. Ulikuwa umeshika tairi, ukaliachia likaviringika mpaka mtaroni. Ukasema, "Mtani, kifua kinanibana. Niitie bajaji." Nikakujibu, "Kufa bwana, baiskeli imeshapata mteja." Rehema akacheka mpaka simu ikamtetemeka mkononi. Ukarudia, sauti ndogo, "Mtani, leo si mchezo."

Watu wa hapa waliniuliza kwa nini sikujua. Wote niliwajibu kwamba ulikuwa unaigiza vizuri mno. Leo nasema jingine. Niliona jasho, Maganga. Lilikuwa linadondoka kidevuni, na kuigiza hakutoi jasho namna ile. Niliona. Lakini neno tamu lilikuwa limeshanifika mdomoni, na siku hiyo ulikuwa umenizidi tangu tuanze, nikataka nikushinde kwanza. Nikasema, "Kama si mchezo, mwambie Mama Kulwa ainjike pilau." Ndipo ukaanguka. Hata hapo nilisimama nangoja ufufuke. Niliikamata spana yako usije ukanipiga nayo, nikageuka nikaitazama simu.

Tulipofika hospitali ulikuwa umeshapoa.

Msibani nilikuwa na haki yangu. Mtani hushuka kaburini, hujilaza, humnyima marehemu nafasi, hutukana mpaka wafiwa wacheke. Nimewafanyia hivyo Wanyamwezi wengi, na Kilosa nzima hakuna anayeniweza. Nikashuka. Juu watu wamenyoosha simu wananingoja. Sikupata neno. Mama Kulwa akainama, akasema, "Mtani, sema basi." Wakanitoa kwa kunishika kwapani.

Rehema ameifuta klipu ile, lakini watu walishaichukua, inazunguka, wameibandikia vicheko. Wafuasi sasa ni wengi kuliko ulipokuwa hai. Nikiwaambia umekufa wanaandika: Msagara muongo, mtoe Mnyamwezi ulikomficha. Juzi nilishuka Dumila kununua nyanya, muuzaji akanikamata mkono. "Shikamoo babu! Mwambie mwenzako leo afe kwa vitunguu." Nikamwambia umezikwa. Alicheka akaishikilia meza yake asianguke. Akanitilia na nyanya mbili za bure.

Sijui niwaambieje. Maisha yangu yote nimejisifu kwamba nikifungua mdomo watu wanacheka. Sasa siwezi kuwazuia.

Lala, mtani. Benchi nimeliingiza ndani, hakalii mtu.

Na wewe unayesikiliza barua hii, kama huamini, nenda Mikumi kamuulize Mama Kulwa, aliyelifua shati lake lililolowa jasho. Muulize Rehema huyu anayekusomea, aliyekuwa ameshika simu. Muulize mwenye bajaji aliyetupeleka hospitali, aliyemsikia njiani akiita, "Mtani, mtani," mpaka akanyamaza. Hao watakwambia. Mimi usiniulize. Maneno ya mtani juu ya mtani wake hakuna anayeyasadiki.

Mtani wako,
Msagara wa Ulaya, ile ya Kilosa