Vitufe Vilipopanda Vyenyewe

Baba,

Chai imo kwenye chupa. Fundi bomba atakuja, acha mlango wazi.

Asubuhi nilifungua wimbo wa kwaya kwenye kompyuta, vile vitufe vya kupandisha na kushusha sauti kwenye mikisa yako, mashine yako ya kuchanganyia sauti, vikajisogeza vyenyewe hadi ulipoviacha jana. Cha matoazi kilipanda mpaka mwisho. Nikaziba masikio.

Ukaingia ukasema, "Matoazi bado hayasikiki."

Nikacheka, nikidhani unanitania. Kisha ukanipa mgongo, nikakuita mara mbili. Hukugeuka.

~~Usiguse mikisa mpaka nirudi.~~ Hapana, endelea na kazi yako, matoazi nitakusikilizia mimi. Ila nikirudi nikukute umevaa viatu, twende kwa daktari wa masikio. Na usiniambie ni nta tu.

Nimeogopa, Baba.

Kitinda mimba wako