Nimeomba Kupokelewa Kijijini

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakusalimu kwa jina la Bwana. Mguu wa mama unaendeleaje? Na mvua hapo Gulwe imeshika, au bado inawazungusha? Mimi mzima, namshukuru Mungu. Bibi ninayemtunza naye mzima, hasa wa ubishi.

Kaka, wewe mwenyekiti wa kitongoji utashangaa pamoja nami. Tangu nifike huku vijijini Uingereza natafuta kipande cha kulima, nipande maboga nile majani yake. Mikono inaniwasha kwa kukosa jembe. Nikamwuliza bibi, "Mwenyekiti wa hapa anakaa wapi, nikajitambulishe?"

Akasema, "Kwani umefanya kosa gani?"

Ndipo akanieleza. Wana serikali tatu! Kaunti, kama mkoa wetu, inashika barabara na shule. Chini yake wilaya, inazoa taka. Chini kabisa baraza la kijiji: mabenchi, makaburi, na vishamba vya kukodisha. Lakini balozi wa nyumba kumi hakuna. Sasa mgeni anajulikanaje?

Basi Jumanne nikaenda kikaoni. Wajumbe saba, wananchi watatu, na hakuna aliyefungua kwa sala, nikasali moyoni. Nikasimama kama tunavyofanya kwetu: jina langu, baba yangu, nilikotoka, kanisa langu, ninayekaa kwake. Nikamalizia, "Naomba mnipokee."

Mama mwenyekiti akavua miwani. "Hakuna aliyewahi kutuomba hivyo. Sijui tupige kura?"

Mzee mmoja akadakia, "Tupige upesi, kabla hajatukinai!"

Wakanyoosha mikono wote, wanacheka. Lakini nilipoomba kishamba, hapana. Kuna foleni, na mbele yangu wapo kumi na mmoja. "Mwenyeji au mgeni, foleni ni foleni," akasema mama yule, kwa upole. Nikakaa nimenyong'onyea, sikufichi.

Tulipotoka yule mzee akanifuata. "Magoti yangu yamegoma kulima. Njoo Jumamosi, tulime wote kishamba changu."

Nikamwuliza kama nilete barua ya mwenyekiti.

"Ya nini?" akasema. "Si nimekunyooshea mkono?"

Nisalimie wifi yangu, na shangazi mwenye kisima, na mchungaji wetu, mwambie nasali. Mama umshike mkono kwa niaba yangu.

Mungu awafunike. Leo Ijumaa, nimeshanoa jembe la bibi.

Mdogo wako,
Loyce