Waya wa Chumba cha Nyuma

Jumapili. Mvua imeanza tangu alfajiri, si ile ya hasira, ni ya kuchuruzika tu, na mtaa wetu wa Mangobo umetulia isipokuwa kwaya ya jirani inayoshindana na mabati ya kanisa lake. Niko katika chumba cha nyuma, kule mwisho wa bustani, na maneno haya yatakufikia kwa intaneti inayopita ndani ya waya wa umeme. Bado inanishangaza. Na sitaficha, bado inanitia shaka.

Wiki hii nimeshuku watu wengi kuliko ninavyoweza kukiri kanisani.

Ninafundisha Kifaransa kwa video. Wanafunzi wangu ni watu wazima walio Kampala, wafanyabiashara wanaotaka kuelewana na wateja wao wa huku. Ndani ya nyumba kazi hiyo haiwezekani: watoto, majirani wanaopiga hodi, radio ya mama mkwe. Ndiyo maana nilisafisha chumba hiki, ambacho marehemu papa, baba yangu mzazi, alikiacha kimejaa masanduku. Kina meza, taa moja, prizi moja ya kuchomekea umeme, na kuta za matofali mazito. Kasoro yake ni moja: modem iko sebuleni, na mtandao unakufa kabla haujafika nusu ya bustani.

Kundi jipya liliniomba somo la majaribio siku ya Jumamosi. Mwalimu mwingine naye alikuwa ameombwa. Wangechagua mmoja wetu.

Jumanne Didier, mume wangu, akarudi kutoka mjini na visanduku viwili vyeupe. Akanieleza: kimoja unakichomeka kwenye prizi karibu na modem, cha pili kwenye prizi ya chumba cha nyuma, na intaneti inasafiri yenyewe ndani ya waya wa umeme ambao tayari uko ukutani. Hakuna kutoboa, hakuna kuchimba. Nilimtazama kama anayeuziwa mvua ndani ya chupa.

Tukajaribu jikoni. Ikashika, tena kwa kasi. Tukajaribu chumba cha watoto. Ikashika. Tukaja huku nyuma.

Taa nyekundu. Hakuna kitu.

Nikamshuku muuzaji kwanza. Halafu nikamshuku Didier, kwamba amenunua kitu kilichochoka kwa rafiki yake na anaona haya kusema. Yeye alikuwa anasoma karatasi iliyokuja na visanduku. Akasema imeandikwa kwamba vyote viwili lazima viwe kwenye umeme wa nyumba moja. Nikamjibu: hiki chumba kiko kwa nani basi, kwa gavana?

Ndipo mawazo yangu yakaruka ukuta na kutua kwa Mama Sauda.

Mama Sauda ni jirani yetu wa upande wa bustani, mjane, mama wa Kiislamu mwenye kauli chache. Anauza barafu kwa wanawake wa samaki wanaovuka mto kutoka Lubunga. Ana friza kubwa kwenye baraza yake, na kila friza ile inapoanza kunguruma, taa ya chumba hiki hufifia. Hufifia kabisa, kama mtu anayekonyeza jicho. Nimeliona hilo tangu siku ya kwanza niliyofagia humu, na nikahitimisha peke yangu: anatunyonya umeme. Amejiunganisha kwetu mahali fulani. Sikumwambia yeye. Nilipunguza salamu tu. Kutoka "Habari ya asubuhi, Mama" nikafika kwenye kutikisa kichwa, na kutoka kutikisa kichwa nikafika kwenye kutazama maua.

Sasa nikaona nimepata ushahidi. Kama ameuchezea waya wetu, ndiyo sababu visanduku haviongei.

Alhamisi asubuhi, umeme ukiwa upo na friza yake ikinguruma, nikaamua kumtega. Nikaiacha taa ya huku inawaka, nikaingia nyumbani, nikashusha swichi kubwa iliyo chini ya mita. Nyumba nzima ikazimika, mama mkwe akaanza kuita kwa sababu ya radio yake. Nikakimbilia bustanini kusikiliza friza ya mwizi ikinyamaza.

Haikunyamaza.

Nikageuka. Nyuma yangu, katika dirisha la chumba hiki, taa ilikuwa inawaka vizuri sana.

Nilisimama pale na kandambili zangu ndani ya matope. Ilinichukua muda kukubali nilichokuwa ninakiona. Chumba hiki hakijawahi kuwa kwenye umeme wetu. Kiko kwenye umeme wa Mama Sauda. Taa ilikuwa inafifia kwa sababu inakula sahani moja na friza yake.

Mwizi nilikuwa mimi.

Ungedhani nitaona aibu kwanza. Hapana. Kwanza niliogopa. Hapa kwetu mtu anayetaka kiwanja chako haanzi na kiwanja. Anaanza na jambo dogo: mti, kichochoro, maji ya mvua yanayopita kwako. Kwa nini mtu amwangazie jirani yake bure miaka yote hii, akae kimya? Nikajijibu: siku moja atasema hiki chumba ni chake, na ushahidi atautoa ukutani. Nikamweleza Didier. Akanisikiliza hadi mwisho, akasema, "Béa, nenda umuulize." Nikaona hata yeye haelewi hatari.

Lakini nilikwenda.

Mama Sauda alikuwa anafungua mifuko ya barafu. Nikamsalimia vizuri, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, na nadhani alitambua tofauti. Nikamwambia moja kwa moja: taa ya chumba chetu cha nyuma inawaka kwa umeme wako.

"Ee," akasema. "Minajua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu siku Idi alivuta ile waya. Ni mimi nilimushikia ngazi."

Idi alikuwa mume wake, seremala. Nilimjua kwa sura tu, maana miaka hiyo nilikuwa ninasoma huko Isangi, nikiishi kwa shangazi. Mama Sauda akanieleza kwamba kwao hapakuwa na nafasi ya kuranda mbao, kwa hiyo papa yangu alimpa mume wake chumba kile afanyie kazi, bila masharti. Idi hakutaka kumlemea papa na umeme pia. Akavuta waya kutoka kwake.

"Alipokufa, papa yako alikuya kuniuliza kama akate. Nikamwambia, Papa, acha. Nikiona ile dirisha inawaka, nikiwa kwa jiko yangu, ni kama mutu wangu iko kwa kazi."

Nilitafuta mtego katika maneno hayo. Niliyageuza kila upande, kama unavyogeuza samaki sokoni ukitafuta jicho bovu. Mwishoni nikauliza bila adabu, "Na kiwanja?"

Akaweka mfuko chini, akaonyesha mparachichi kwa kidole. "Kiwanja gani? Mpaka iko pale kwa mti ya avoka. Papa yako na Idi ndio waliipanda." Halafu, kwa sauti ileile: "Mutoto wangu, tangu ulirudi hapa unaniangalia kama polisi. Ningekuambia hii habari vipi?"

Nikainua ule mfuko alioweka chini, nikamkabidhi.

Nikamweleza kuhusu kazi yangu, visanduku, Jumamosi. Nikamwambia tunahitaji kuleta waya wetu kutoka nyumbani. Akakubali kabla sijamaliza. Ila aliomba kitu kimoja: prizi tuihamishe, taa tuiache kwenye umeme wake.

Hapo shaka ikanirudia. Taa ikibaki kwake, ushahidi unabaki. Nilimwona vizuri akisubiri, mikono yake imekuwa myeupe kwa baridi ya barafu, na nikasema ndiyo.

Ijumaa Didier na fundi wakachimba mtaro kutoka jikoni hadi huku, wakazika waya ndani ya bomba. Tukachomeka kisanduku. Taa nyekundu, taa nyekundu, kisha kijani. Didier akapiga kelele hadi mama mkwe akadhani kuna nyoka. Jumamosi nilifundisha somo zima na sura yangu haikuganda hata mara moja. Jioni wakaniandikia: wataanza na mimi.

Ningependa kuandika kwamba shaka imeniisha. Haijaisha. Asubuhi hii nimejikuta nimesimama mvuani, nikipima kwa macho umbali kati ya ukuta na mti wa avoka. Papa alimwamini mtu hadi akampa chumba chake. Mimi namhesabia jirani hata majani ya mti. Nilijifunza wapi hivi?

Mvua ikikatika nitaiwasha taa, niiache inawaka, kisha niende kwa Mama Sauda bila shida yoyote ya kumpelekea. Nataka kukaa jikoni kwake nione dirisha hili kutoka upande wake.