Mishipa ya Bibi wa Dirishani

Jumatatu, 3 Juni

Wiki mbili zimebaki! Wiki mbili za mafunzo ya vitendo, halafu – Mungu akipenda – mimi ni nesi kamili. Miaka yote ya darasani imekuja kubanana kwenye wodi moja, ya upasuaji, ya wanawake, chini ya mtu mmoja: Sista msimamizi. Sisi wanafunzi tunamwita Sista Ukuta. Si kwa ubaya. Ukimtazama usoni tu hujui kama umefaulu au umeua mtu.

Leo kaniita pembeni. Kasema vidonda nasafisha vizuri, presha napima vizuri, vitanda natandika mpaka mgonjwa anaona haya kulalia. (Hilo la mwisho nimeongeza mwenyewe.) Imebaki kanula, kale kamrija kanakoingia kwenye mshipa ili dawa na dripu zipite. Mpaka leo sijaweka hata moja bila mtu kunishika mkono. Ijumaa ya wiki ijayo ananipima. Zamu ya asubuhi nitaiendesha mimi, yeye atasimama nyuma yangu. Nikishindwa narudia muhula mzima. Wenzangu waanze kazi, mimi nibaki na sare ya mwanafunzi!

Na Mama keshaninunulia viatu vyeupe. Keshawatangazia majirani. Fundi cherehani wa pale kona leo kaniita daktari. Nikamwambia mimi si daktari, nasomea uuguzi. Akasema sawa, daktari.

Jumanne, 4 Juni

Aibu. Aibu tupu.

Mama wa kitanda cha tatu, mwuza vitabu, mpole, mishipa imesimama wima. Nikafunga mpira juu ya kiwiko. Nikachoma – damu ikarudi kwenye mrija! Nusura nipige vigelegele. Nikabandika plasta, imenyooka, safi. Nikafungulia dripu.

Haitembei.

Nikanyoosha mrija. Nikainua chupa. Nikaigonga kwa ukucha kama fundi wa redio. Wapi! Huku natoa maelezo kwa mgonjwa kuhusu dripu na tabia zake, maana mimi nikiogopa mdomo ndio unafunguka. Sista nyuma yangu. Mwishowe mgonjwa mwenyewe kauliza, kwa adabu zake zote, ule mpira niliomfunga nitautoa lini, maana vidole vimeanza kufa ganzi.

Mpira! Nilikuwa nimemfunga mtu mkono halafu nashangaa dripu inakataa kupita.

Nilipoufungua damu ilikuwa imeshaganda kwenye kanula. Sista kaja kaweka nyingine. Baadaye huko kwenye sinki kaniambia kila nesi ninayemwona wodini humu aliwahi kusahau mpira. Mara moja. Hayo maneno mawili ya mwisho kayatamka polepole.

Alhamisi, 6 Juni

Amelazwa bibi kitanda cha dirishani. Jana walimpasua jipu kubwa la mguu, sasa anatakiwa apate dawa ya mshipani kutwa mara tatu. Mdogo, mkavu, sauti ya kuamsha mtaa. Zamani alikuwa refa wa netiboli, na naona kazi hajaiacha. Msafishaji kapita na ndoo mbele ya mgonjwa anayekwenda chooni, Bibi kamwonya kwa kidole kutoka kitandani.

Mishipa sasa. Hakuna! Kasema amekula chumvi nyingi, mishipa yake imeshastaafu kama yeye. Mrefu, mwanafunzi mwenzangu, kajaribu mara moja. Bibi kainua mkono mwingine: kadi ya njano. Kajaribu tena. Njano ya pili – nje!

Tulicheka wodi nzima, lakini kumbe ndiyo sheria ya Sista hasa. Kwake kila mtu ana mara mbili kwa mgonjwa mmoja. Ya tatu anaiita kiburi. Ukifika mbili unaweka chini sindano, unamwita mwenzako, hata kama wewe ni nani. Kisha kaja Sista mwenyewe, kapapasa, kaweka pembeni ya kidole gumba kwa mara moja. Bibi kampigia makofi kwa kupiga paja.

Jumamosi, 8 Juni

Nyumbani. Wamenichoka.

Siwezi tena kumtazama mtu usoni, natazama mikono. Mwuza nyama ana mshipa mmoja kwenye kigasha, mnene, umelala kama kamba ya viatu – nilisahau kusema nataka nyama gani. Akauliza kama kuna tatizo. Nikamwambia una mishipa mizuri sana, kaka. Mke wake alikuwa ameketi palepale.

Mezani nikamwomba Baba anikunjulie mkono, nipapase tu. Mtu mzima, anabeba magunia, kasimama na sahani yake kaenda kula barazani. Mdogo wangu kajitolea, ila mishipa ya watoto haionekani kwa mafuta. Mama akacheka mpaka akakaa chini. Halafu usiku nikiosha vyombo kaja kusimama karibu. Nikamwambia ukweli: naogopa Ijumaa. Kasema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikamwambia nimeyavulia nguo, Mama, ila ni ya baridi. Kachukua kitambaa, kanisaidia kufuta sahani. Nampenda sana mama yangu.

Jumatatu, 10 Juni

Tatu! Kanula tatu leo, zote mimi, zote mara ya kwanza!!

Siri ni Sista. Asubuhi kaniambia ninaangalia mno. Fumba macho, papasa. Nikafumba. Mshipa unadunda kidogo chini ya kidole, unarudi ukiubonyeza, kumbe siku zote nilikuwa nautafuta kwa macho kama aliyepoteza miwani. Na kanipa sharti jingine: nikishika sindano, nisiongee. Hili ndilo gumu. Kwa mgonjwa wa pili nilijiuma ulimi kwelikweli.

Mpira nimefungua zote tatu. Mpira wa nne ningefungua hata usiokuwepo.

Jumatano, 12 Juni

Mbili leo. Sista kasema "hm". Mrefu anadai kwa Sista hiyo ni hotuba.

Bibi wa Dirishani homa imemwacha tangu juzi. Anakula chake, anamalizia na cha jirani. Kidonda kinapona vizuri, leo nimekifunga mimi. Kaniambia mikono yangu ni myepesi, ila mdomo wangu ni mwepesi zaidi. Tukacheka.

Ijumaa, 14 Juni

Naandika hapahapa, meza ya manesi, daftari mapajani. Lazima niandike, la sivyo nitaanza kuongea.

Asubuhi ilikwenda kama nilivyoiota. Nikapokea zamu, nikagawa kazi – hata Mrefu katii! – dawa, vidonda, raundi ya daktari. Daktari alikuwa na haraka, kaitwa chumba cha upasuaji, wodi kaivuka mbiombio, kwa Bibi kapunga mkono tu. Kanula mbili nimeweka, zote safi. Sista nyuma, hatua kwa hatua. Nikaanza kujisemea: nimepita.

Halafu kabla ya dawa ya saa sita, Bibi wa Dirishani kaniita. Mkono umevimba penye kanula. Ikabidi kuitoa. Sista kanitazama: mtihani wenyewe ni huu.

Nikafumba macho. Nikapapasa. Nikanyamaza! Nikapata kitu kidogo karibu na kifundo cha mkono. Nikachoma – kikateleza. Bibi kwa huzuni ya kweli kainua mkono: njano. Nikahamia mkono wa pili, nikaukanda kwa kitambaa cha maji ya moto, nikasubiri, nikachoma. Damu ikaja. Tone moja. Kisha mshipa ukapasuka, nikaona damu ikitanda kibluu chini ya ngozi.

Mbili.

Nisiseme uongo: nilitaka ya tatu. Nilikuwa nimeshauona mwingine, pembeni ya kidole gumba, palepale alipopata Sista. Na Bibi mwenyewe akaninong'oneza, "Jaribu, mjukuu wangu, hii sitahesabu." Refa! Mikono ilikuwa inataka. Nikaweka sindano chini. Nikageuka nikamwambia Sista nimefika mara mbili, naomba mwenzangu. Sauti ilinitoka kama ya mtoto. Nikajua viatu vyeupe vitakaa kwenye boksi muhula mwingine.

Sista akavaa glavu. Akapapasa kwa muda mrefu. Akachoma pale kidole gumba – akakosa. Njano! Bibi hakumwonea haya. Akachoma tena juu ya kiwiko. Akakosa. Sijawahi kumwona Sista akikosa.

"Na wewe nje, Sista," Bibi akasema.

Sista Ukuta akacheka. Meno yote. Akavua glavu, akapiga simu kumwita mtaalamu wa dawa za usingizi, ambaye hakosi mshipa wa mtu yeyote. Wakasema yuko ndani na mgonjwa, asubiriwe. Tukasimama pale, dawa iko kwenye bomba la sindano, saa inakwenda. Ndipo Sista akaniuliza mimi: "Haya, zamu ni yako. Tunafanyaje?"

Nikamtazama Bibi. Mikono yote miwili ina pamba na plasta, na kwa mikono hiyohiyo alikuwa anamenya chungwa. Amekwisha kula sahani yake, amekwisha kula ya jirani. Homa hana siku ya tano. Kidonda nakifunga mimi, nakijua. Nikawaza: mtu anayekula hivi, vidonge vinamshinda nini? Wote tunahangaika kutafuta mshipa, hakuna aliyeuliza kama bado unahitajika.

Nikalisema. Vilevile, bila kupamba. Sista kapitia chati ya joto, karatasi moja baada ya nyingine. Kisha kasema hilo la kubadilisha dawa si lake wala langu, ni la daktari. Nimpigie.

Mwanafunzi hampigii daktari simu. Nikampigia. Nikajitambulisha: mwanafunzi wa uuguzi, wodi ya upasuaji. Alikuwa na haraka bado, akanikata: niunganishe na nesi. Nikamnyooshea Sista simu. Hakuipokea.

"Ametaka nesi," akaniambia. "Mjibu."

Nikarudisha simu sikioni. Nikamweleza daktari: mgonjwa nani, kidonda kikoje, homa iliisha lini, anakulaje, tumechoma mara ngapi na nani. Na ninachoomba. Sikuongeza hata neno la utani. Akauliza maswali mawili, nikajibu. Akasema anamaliza kushona, aangalie majibu ya damu, atapiga sasa hivi.

Kwa hiyo nangoja. Akikataa, sina mshipa, sina wazo, na nimekosa mara mbili mbele ya msimamizi wangu siku ya mtihani. Sista amekaa kiti cha pili, simu iko katikati yetu, karibu zaidi na yeye. Karatasi yangu ya mtihani hajaijaza. Nimechungulia. Bibi anatutazama kutoka dirishani, anatafuna.

Simu inalia.

Sista hajanyoosha mkono. Ananitazama mimi –