Mwezi Ambao Mama Hakuuona

Kaka Hamza,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu Mama alitulea hivyo; usidhani imetoka moyoni.

Unakumbuka tulivyokwenda Tanga kununua darubini? Muuzaji alisema inakuja na kioo kimoja tu cha kuchungulia, tuchague. Nikashika cha milimita ishirini na tano. Nikakwambia hiki kinakuza kidogo lakini kinaonyesha mbingu pana, ndicho cha kuanzia. Ukanicheka mbele ya yule muuzaji. "Yaani tupande basi mpaka huku kufuata kinachokuza kidogo? Lete cha milimita nne, tuone mpaka mawe ya mwezini!" Nikanyamaza, wewe ndiye mkubwa.

Mama hakuwa na haja na mawe. Macho yake yalishafifia, na alitaka jambo moja tu: auone mwezi wa Idi mwenyewe kama zamani, asitangaziwe na redio. Jioni ya ishirini na tisa tukamshika mkono mpaka Irente, pale ukingoni Mazinde inapoonekana chini. Jua likazama, ukaanza kutafuta. Kioo chako kilionyesha kipande cha mbingu kama ukucha, na upepo ukigusa darubini kila kitu kinakimbia. "Subirini, subirini," ukawa unasema, jasho linakutoka na baridi yote ile. Watoto kando yetu wakapiga takbira. Wameuona kwa macho matupu! Wewe bado unazungusha. Ukungu ukapanda, ukafunika.

Mama akajifunga kanga yake vizuri. "Basi wanangu, twendeni. Mkishauona nyinyi inatosha."

Hakufika Ramadhani nyingine. Hilo ni la Mungu, sikulaumu. Nakulaumu kwa la msibani. Ulikaa katikati ya wazee ukawaambia, "Alhamdulillahi, mwezi wake wa mwisho nilimwonyesha mimi, kwa darubini yangu." Wakakuombea dua. Mimi nilikuwa mlangoni na sinia la wali, nikanyamaza tena.

Mwaka huu nimepata kile cha ishirini na tano, nikaenda Irente peke yangu. Mwezi ulikuja mara moja, mwembamba, umetulia katikati, nafasi tele pande zote. Ilikuwa rahisi hivyo, kaka. Nililia kwa hasira.

Idi hii usinipigie, sitapokea. Wapigie kwanza wale wazee, uwaambie Mama hakuuona.

Mimi mdogo wako,
niliyenyamaza mara mbili.