Ripoti Ile ya Probesheni

Buruburu,
Jumapili asubuhi

Kwa ndugu yangu Imran,

Assalamu alaikum. Umeamkaje huko? Lile jino limepoa, au bado unatafunia upande mmoja? Sisi huku, kwa rehema za Mungu, ni wazima wa mwili. Mama anakula vizuri, na mwanangu Rayyan amejifunza kutembea, kazi yake kutwa ni kumwaga unga. Vijana wa pale kwenye kioski wameniambia nikuandikie hivi hivi: niaje Imu, mtaa umeboeka bila wewe. Najua askari wataisoma barua hii kabla yako. Waisome, mimi nimechoka kuficha.

Niingie kwenye shauri lenyewe, maana siku zimekwisha. Rufaa yako inasikizwa Jumatatu, siku nane kutoka leo. Wakili wetu, Bi Nthoki, aliniketisha akanieleza polepole kama anayefundisha mtoto. Kwa kuwa ulisimama mahakamani ukakiri kwamba ulichoma kile kibanda cha nguo Eastleigh, hatia haipingiki tena. Tunachoweza kupinga ni ile miaka saba tu. Hakimu alikupa miaka hiyo akikuona mhuni mwenye akili timamu. Daktari akiandika kwamba ulikuwa mgonjwa, na kwamba kile kipaza sauti kilichokuwa kikiita wateja wewe ulikisikia kikikutukana kwa jina lako, jaji anaweza kukipunguza kifungo na kuagiza utibiwe. Bila daktari tunaenda mikono mitupu, na jaji ana uwezo hata wa kuongeza.

Na wewe daktari umemfukuza mara mbili! Bi Nthoki ameniletea maneno yako. Ulisema ripoti ya afisa wa probesheni, yule aliyetumwa na mahakama kutuuliza habari zako kabla ya hukumu, iliandika kwamba familia yako inakujua huna ugonjwa wowote, una bangi na ukaidi tu. Ukasema nyumba ni ya mama, kwa hivyo aliyetamka hayo ni mama, na kama mama mzazi amekuita mhuni, basi utafungwa kihuni mpaka siku ya mwisho. Ndiyo maana kila akija kukuona unamgeuzia mgongo. Huu ni mwaka wa pili anarudi nyumbani bila kuuona uso wako.

Imran, si mama. Ni mimi.

Siku aliyokuja Bwana Wesonga, yule afisa, shangazi yake mume wangu Abrar alikuwa ameketi sebuleni kwetu, kabla hatujaoana. Posa ilikuwa imeletwa, na yeye ndiye aliyetumwa kutuchunguza ni watu gani. Kwamba una kesi alishajua, na hilo alilipuuza, akacheka akasema hata kwao kuna watukutu. Lakini ugonjwa wa akili wasingeuvumilia. Wangesema uko kwenye damu, na watoto wangu wangeurithi. Afisa akauliza, shangazi akisikia, kama umewahi kuugua akili. Kadi yako ya kliniki ya akili ilikuwa kwenye droo, hatua mbili kutoka nilipokaa. Nikajibu hapana, ni bangi na marafiki wabaya. Nilisema kwa sauti, ili yule shangazi asikie vizuri.

Ningeweza kumfuata afisa hadi getini. Ningeweza kwenda ofisini kwake kesho yake. Sikwenda. Kadi niliichukua nikaificha chini ya nguo zangu za harusi. Nilikuuza, ndugu yangu, na naona haya hata kukuomba msamaha.

Ijumaa nilikula kiapo cha maandishi nikaeleza yote, na kadi imeambatishwa. Kitasomwa mahakamani, wakwe zangu wasikie na majirani pia. Abrar nilimwambia mwenyewe kabla hajaambiwa na mtu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaenda kwa mama yake. Hajapiga simu tangu hapo. Mimi na Rayyan tuko hapa kwa mama.

Kuna jingine, nalo linaniuma kuliko hayo yote. Siku ile mama alikuwa mlangoni na sinia ya kahawa, alinisikia. Ulipomkataa mara ya kwanza nilimwambia nitakuja kukueleza ukweli, akanikataza. Alisema kheri umkasirikie yeye, kwa sababu mimi naweza kuachwa na mume, lakini yeye hawezi kuachwa na mwanawe. Nami nikakubali aubebe mzigo wangu, Mungu anisamehe.

Alhamisi daktari anarudi. Tafadhali kaa naye, mjibu anachokuuliza, hata kama unaona aibu. Mimi ukitaka usinione tena, sitakulaumu.

Pokea salamu za majirani wote, na busu la Rayyan lenye unga. Mama hakutumii salamu kwa sababu hajui kama nakuandikia. Yeye anakuja Jumatano. Alikuwa na hakika kwamba huwezi kumwacha. Nakusihi, asiwe amekosea.

Ni mimi dada yako,
Ruqaiya