Rangi ya Bluu Haipitishi Umeme

Baba Eveline,

Maharage yamechemka, yaunge mwenyewe. Kuku wafungulie baridi ikipungua.

Nimeondoka na pikapu kufuata mchele Igawa. Nitalala humo humo garini, kwenye kibanda chake cha nyuma. Ndiyo, taa za kibandani zinawaka, zote tatu! Alfajiri, wewe unakoroma, niligusisha balbu kwenye betri, ikawaka. Kumbe betri uliyoitukana wiki nzima haina kosa. Nikaufuata waya mweusi mpaka unapofungwa na nati kwenye bodi ya gari. Jumamosi uliufungua, ukaipaka bodi rangi yako ya bluu, ukaukaza juu ya rangi. Umeme ungepita wapi, mume wangu? Nimekwangua kwa kisu cha nyanya, nikakaza, basi.

Na bado nakusikia mbele ya wifi: "Mama Eveline, mambo ya umeme waachie mafundi."

Haya, fundi. Fyuzi ya plagi ya tivii nimeichomoa. Mpira unaanza saa kumi.

~~Iko kwenye kopo la chumvi.~~

Hapana, itafute. Anza kwa kutukana betri za rimoti, kama kawaida yako.

Mama Eveline